Nafundisha chumbani hadi usiku wa manane, lakini mbele ya darasa sauti inakata

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja jijini Dodoma. Masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Fizikia. Nakuandikia usiku huu kwa sababu Ijumaa ijayo natakiwa kurudisha fomu moja, na kila nikishika kalamu niijaze naishia kuiweka chini.

Nimezaliwa na kukulia kijijini mkoani Njombe, mtoto wa nne kati ya sita. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniona kuwa na tatizo. Baba ni mtu wa maneno machache, na sisi tulilelewa tukijua kwamba mtoto mwenye adabu husikiliza wakubwa wakizungumza na hujibu anapoulizwa. Walimu wa shule ya msingi waliandika kwenye ripoti yangu kila mwaka kwamba mimi ni mpole na msikivu, na mama aliisoma mbele ya majirani kwa fahari.

Mambo yalianza kubadilika kidato cha kwanza. Shule yetu ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na mwanafunzi aliyesikika akiongea Kiswahili alivishwa shingoni, akatembea nacho mpaka ampate mwenzake aliyekosea amkabidhi. Mimi nilikaa nacho siku tatu, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumvizia mtu. Siku ya tatu mwalimu alinisimamisha nijibu swali la Biolojia kwa Kiingereza, kibao kikiwa kifuani. Nilitamka neno vibaya, darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo niliona usalama wangu uko katika kunyamaza, na kwa kuwa mitihani yote ilikuwa ya kuandika, nilifaulu vizuri hadi kidato cha sita.

Chuoni ukimya haukunisaidia tena. Kila somo lina semina, na kila semina ina kazi ya kikundi na mtu wa kuiwasilisha. Mwezi Januari zamu yangu ilifika. Kazi ilihusu mbinu za kufundisha hesabu za sehemu, na karibu yote nilikuwa nimeiandaa mimi mwenyewe. Niliposimama, karatasi ilianza kutetemeka mpaka nikasikia inavyolia kama jani kavu. Niliishika kwa mikono miwili, jasho likalowanisha pale nilipoishika, wino ukaanza kusambaa chini ya kidole gumba. Niligeukia ukutani, nikawa nasoma maneno ya projekta kwa kasi bila kumtazama mtu yeyote. Katikati nikasikia watu wa viti vya nyuma wanacheka. Sauti ikakata. Nikasema asante, nikaenda kukaa, zikiwa zimebaki slaidi nne.

Tangu siku ile sijawa mtu yule yule. Semina mbili zilizofuata sikwenda. Chakula nanunua saa tatu usiku, watu wakiwa wamepungua kwenye vibanda, nafungiwa kwenye mfuko na kwenda kula chumbani. Nilikuwa nacheza winga kwenye timu ya hosteli yetu, nikaacha, na hata wakinifuata mlangoni sasa hivi sioni hamu. Naamka saa tisa usiku na silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Mama akipiga simu namwambia niko salama, kisha nakaa nimeishika simu kwa muda mrefu. Wakati mwingine najiuliza kama nina faida yoyote hapa duniani.

Kinachonichanganya ni hiki. Usiku wa kuelekea mitihani, wenzangu wa hosteli huja chumbani kwetu niwaeleweshe hesabu. Wanakaa wanne au watano juu ya vitanda viwili, mimi nasimama na kipande cha ubao tulichookota, na naongea mpaka saa nane usiku bila kutetemeka. Wananiambia naeleza kuliko mhadhiri. Iweje mtu huyo huyo ashindwe kusema dakika kumi mchana?

Wiki iliyopita mshauri wa wanafunzi aliniita, nadhani mwalimu wa semina alimweleza. Alinisikiliza vizuri, akanipa fomu ya kujiunga na kundi la wanafunzi kumi watakaofundishwa stadi za mahusiano kwa wiki nane, kila Alhamisi saa kumi jioni. Alisema mafunzo hayo hupunguza wasiwasi na sonona, na kwamba huko watu huigiza mazungumzo, huonyeshana makosa na hupewa kazi za kwenda kufanya nje. Niliposikia neno kuigiza, tumbo lilijikunja.

Kaka yangu, ambaye ndiye anayenilipia hosteli, anasema nisiende, kwa kuwa nikianza kuonekana kwenye ofisi hizo watu watasema nimeanza safari ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Yeye anashauri niahirishe mwaka, nipumzike nyumbani. Ninayekaa naye chumbani anasema nijiunge na kwaya na nizidishe maombi. Mimi mwenyewe nimewaza kuhamia shahada isiyo ya ualimu, maana mazoezi ya kufundisha yanaanza Julai na darasa la kidato cha pili linaweza kuwa na wanafunzi sabini. Tena nimesikia kwamba mmoja wa wanaokwenda kwenye kundi hilo ni mtu wa darasa letu. Na nina swali jingine: je, si afadhali nitibu huzuni hii kwanza, nikishapona ndipo nijifunze kukaa na watu? Au ndivyo nilivyoumbwa, na kujifunza uchangamfu ni kujifanya mtu nisiye?

Naomba unisaidie, mama.

Mnyamavu wa Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na asante kwa kuniandikia barua ndefu yenye mambo mengi ambayo nahisi hujamwambia mtu.

Kabla ya fomu, naomba turudi kwenye sentensi moja uliyoipitisha haraka, ile ya kujiuliza kama una faida yoyote duniani. Nakuuliza waziwazi, kama mzazi: je, mawazo hayo yamewahi kufika mahali pa kutaka kufa, au kujidhuru? Kumuuliza mtu jambo hili hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Kama jibu ni ndiyo, hata kwa mbali, usisubiri Alhamisi wala Ijumaa. Mwambie unayekaa naye chumbani usiku huu huu, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, na mwende pamoja kituo cha afya cha chuo au hospitali yoyote iliyo karibu. Kama jibu ni hapana, bado mwambie mshauri wa wanafunzi kwamba mawazo hayo hukujia, kwa sababu nina wasiwasi kwamba ulimweleza habari ya semina ukaacha habari ya usiku.

Sasa, nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni hofu ya watu, iliyoanza kidato cha kwanza na ambayo kwa miaka mingi uliimudu kwa kunyamaza. La pili ni huzuni iliyoingia baada ya Januari: usingizi wa kukatika, kuchoka na mpira, kula peke yako, kujiona huna thamani. Juu yake kuna tarehe mbili, ya fomu na ya mazoezi ya kufundisha, na kuna watu watatu wanaokupenda ambao kila mmoja anakuvuta upande wake.

Naomba tuitazame kwanza ile siku ya Januari, kwa kuwa naona umeibeba kama hukumu. Umeandika kwamba watu wa viti vya nyuma walicheka. Je, unajua walichekea nini? Hukuwatazama, ulikuwa umegeukia ukuta. Huenda walikucheka kweli, sitaki kukufariji kwa uongo. Lakini yeyote aliyewahi kukaa viti vya nyuma anajua kwamba huko hucheka watu kwa mambo ya simu na ya jana yake. Masikio yako yalikuwa na kumbukumbu ya kicheko cha kidato cha kwanza, na ninashuku kwamba kicheko kile cha zamani ndicho kilichotafsiri hiki kipya.

Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi. Mwanafunzi mmoja alivishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji ambaye vijana wa pale wangeona aibu kuonekana naye kifuani, kisha akaingizwa chumba chenye wenzake waliokwisha kukaa. Aliyevaa alikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile. Walipoulizwa, ni kama robo tu walioweza kusema ni ya nani. Sikuambii haya ili uone kwamba aibu yako haikuwa ya kweli. Ninachotaka upime ni ule umbali kati ya tunavyodhani tunaonekana na tunavyoonekana, kwa sababu wewe umeishi miezi kadhaa ukiamini makadirio ya upande mmoja.

Kuna jambo la pili katika siku hiyo. Uliishika karatasi kwa mikono miwili, ukageukia ukuta, ukasoma kwa kasi. Wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza mwaka 1995 kwamba mwenye hofu ya watu huacha kuwatazama watu na kuanza kujitazama yeye: moyo unavyodunda, jasho, mkono. Kutokana na anavyojisikia huchora picha yake mwenyewe kichwani, kisha huamini kwamba picha hiyo ndiyo darasa zima linaiona. Ili asiumbuke hufanya vitu vya kujihami, kama vile ulivyofanya wewe, na vitu hivyo hivyo ndivyo huharibu kazi, kwa maana msikilizaji aliyegeuziwa mgongo na kusomewa mbio hupotea njia, huanza kunong'ona na jirani yake, na mnenaji akisikia minong'ono hupata ushahidi wa alichokihofia. Linganisha na kile kipande cha ubao chumbani. Huko unawatazama wenzako usoni kwa sababu unataka kujua kama wameelewa. Macho yako yako kwao na kwa hesabu, wala huna nafasi ya kuusikiliza moyo wako.

Kwa hiyo umeniuliza iweje mtu huyo huyo ashindwe mchana, na mimi nakuuliza kinyume chake: nani alikufundisha kueleza hesabu mpaka saa nane usiku, watu wakakesha wanakusikiliza? Sidhani kwamba huna stadi. Nadhani unayo, ila kuna mahali inaruhusiwa kutoka na mahali imefungiwa. Nasema nadhani, kwa sababu kukujua kwangu kunaishia kwenye barua hii. Lakini tofauti hii ina uzito. Anayekosa stadi huhitaji kufundishwa kutoka mwanzo. Aliye nayo na hofu ikamziba huhitaji nafasi ya kuitumia kidogo kidogo mahali panapomtisha, mpaka mahali pale pasitishe tena. Mafunzo mazuri hufanya yote mawili, lakini ni vema uingie ukijua unafuata lipi.

Hapo hapo naomba ufikirie lugha. Chumbani unafundisha kwa lugha gani? Nina hakika ni Kiswahili, na Kiingereza kidogo pale penye istilahi. Ulisoma miaka saba kwa Kiswahili, ukavuka kwenda kidato cha kwanza ukakuta kila kitu kimegeuka, na waliokuwa na wajibu wa kukuvusha wakakuvika kibao. Hilo lilikuwa kosa la watu wazima, na nasikitika kwamba ulilipa wewe. Inawezekana kwamba sehemu ya unachokiita hofu ya watu ni hofu ya kukosea Kiingereza mbele ya watu. Kama ndivyo, mazoezi yako yanahitaji pia dakika kumi za kueleza hesabu kwa Kiingereza mbele ya wale wale wanne wa vitandani, kabla ya kwenda kwa watu thelathini. Wewe ndiye utakayejua ukijaribu.

Umeuliza kama ndivyo ulivyoumbwa. Upole wako sioni sababu ya kuutibu. Baba yako ni mtu wa maneno machache na hukuniandikia kwamba anakula peke yake gizani au kwamba anaamka saa tisa. Mtu mpole huchagua kunyamaza na hubaki na amani yake. Wewe unanyamaza huku una la kusema, na linakuumiza. Hofu ninayo mimi pia kuhusu mafunzo yanayogeuza kila mpole kuwa msemaji. Michael Argyle wa Chuo Kikuu cha Oxford, mmoja wa walioasisi kazi hii miaka ya 1960, alilinganisha kuzungumza na watu na kazi za mikono kama kuendesha gari: unatenda, unaona matokeo, unarekebisha. Mlinganisho huo naupenda. Aliyejifunza baiskeli hakujifanya mtu mwingine, ingawa siku za mwanzo alijiona kituko. Lakini Argyle na wenzake walichunguza sana pia namna watu wanavyotazamana machoni, na mafunzo ya namna hii mara nyingi humhimiza mtu amtazame mwenzake usoni. Kwetu, kijana wa Njombe anayeinamisha macho mbele ya mzee anatoa heshima. Mwezeshaji akikudai jambo linalokwenda kinyume na malezi yako, una haki ya kumwambia, na mwezeshaji mwelewa atakusaidia kupata namna yako mwenyewe.

Kuhusu kuigiza, neno lililokukunja tumbo, huenda ukilijua litapungua ukubwa. Mara nyingi kikao huchukua jambo moja dogo tu: namna ya kuingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza, namna ya kukataa ombi bila kugombana, namna ya kumwambia mwanakikundi kwamba hakufanya sehemu yake. Mwezeshaji huonyesha kwanza yeye mwenyewe. Kisha wawili hujaribu kwa dakika mbili au tatu, mmoja akiwa ndiye aliyesimama kando, mwingine akiwa ndiye aliyekaa na chai yake. Wanaotazama hutaja kwanza kilichofanyika vizuri, halafu kitu kimoja cha kurekebisha, na wale wawili hurudia. Mwisho kila mtu huondoka na kazi ya wiki, labda kumuuliza swali mtu mmoja asiyemzoea kwenye foleni ya chakula. Hakuna anayeanza kwa kusimama mbele ya thelathini.

Je, hilo linagusaje huzuni? Hapa ndipo naona swali lako la kupona kwanza linahitaji kutazamwa upya, japo ni swali la busara. Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, katika miaka ya 1970, alieleza sonona kama mzunguko: mtu anapojitenga hupoteza yale mambo madogo yanayompa raha na kumthibitishia kwamba yupo, kama utani, shukrani, pasi nzuri uwanjani, akikosa hayo huzuni huongezeka, na huzuni humfanya ajitenge zaidi. Tazama miezi yako tangu Januari. Uliacha semina, ukaacha kula na watu, ukaacha mpira, na kila ulipoacha kimoja ulipata nafuu ya siku moja na uzito wa wiki nzima. Ukisubiri hamu irudi ndipo urudi uwanjani, huenda ukasubiri sana, kwa maana kwa watu wengi hamu hufuata miguu. Hata hivyo kuna huzuni nzito kiasi kwamba mtu hawezi kunyanyuka kwenda popote wala kushika anachofundishwa, na huyo huhitaji tiba nyingine kwanza au kwa pamoja.

Ndiyo maana, kundi uende au usiende, ningependa daktari akuone. Dalili ulizozitaja zikidumu zaidi ya wiki mbili karibu kila siku hazipaswi kuitwa uchovu tu. Atakuuliza usingizi, hamu ya kula na mawazo yako, na anaweza kupima damu, kwa sababu upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kumchosha mtu na kumhuzunisha namna hiyo hiyo. Akikushauri dawa, muulize zinachukua muda gani. Kwa kawaida ni wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu, na haziachwi ghafla bila ushauri wake.

Kaka yako ametaja Mirembe. Najua jina hilo linavyotumika Dodoma na kwingineko, na naona mzaha huo umewafungia vijana wengi vyumbani. Mirembe ni hospitali. Watu huenda wakatibiwa, wakarudi makazini. Na kundi la Alhamisi hata si matibabu ya hospitali. Jirani zetu Kenya, watafiti walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kazi waliyofanya na wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Walikutana kwa makundi, saa moja kwa wiki, wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu, na dalili zao zilipungua kuliko za wale waliofundishwa mbinu za kusoma. Mafunzo yale, yaitwayo Shamiri, yalihusu zaidi kukua, kushukuru na kujua unachokithamini, kwa hiyo siyachukui kuwa ushahidi wa kundi lako. Nayataja kwa sababu kaka yako anaweza kushangaa kusikia kwamba msaada wa namna hii hutolewa darasani, na vijana wa rika lako.

Kundi lina hatari zake pia. Siri ni ya kwanza: watu kumi ni watu kumi, na ahadi ya kutosema nje haina polisi. Muulize mshauri wanakubaliana vipi kuhusu siri na nini hutokea mtu akiivunja. Kuhusu mwenzako wa darasani, kumbuka kwamba naye atakuona akiwa mahali pale pale, na huenda usiku huu anawaza habari yako kama unavyowaza yake. Hatari ya pili ni mwendo: ukisukumwa mbele kabla hujawa tayari, unaweza kuondoka na kibao kingine shingoni. Uliza kama unaruhusiwa kutazama vikao viwili vya kwanza bila kuigiza. Ya tatu ni kwamba wiki nane zinaweza kwisha ukiwa umepata rafiki mmoja na usingizi bado mbovu, ukajilaumu. Kama kundi linakuelemea, unaweza kuomba mazungumzo ya wawili tu na mshauri kwanza, ingawa huko utakosa watu wa kufanyia mazoezi.

Kuahirisha mwaka si woga, na kwa mgonjwa aliyezidiwa linaweza kuwa jambo la lazima. Lakini jiulize utakapokuwa Njombe siku zako zitakuwaje. Kama nyumbani kuna kazi, ndugu, uwanja wa mpira na mahali pa kutibiwa, inaweza kuwa pumziko la kweli. Kama utakaa chumbani ukihesabu wenzako waliofika mwaka wa tatu, umbali kati yako na darasa utaongezeka. Uliza pia mapema, kama una mkopo, bumu, yaani fedha za kujikimu, litakuwaje ukiahirisha, na mtihani wa marudio utaufanya lini. Kuhama shahada naomba nikuulize kwa upole: ungeitaka shahada hiyo nyingine hata kama hofu hii isingekuwapo? Kama ndiyo, ni uamuzi wa kawaida wa masomo. Kama sivyo, kumbuka kwamba nako kuna semina.

Na kwaya, usiidharau. Pale mtu hutoa sauti akiwa katikati ya sauti nyingine, na kama una imani, maombi hayagombani na Alhamisi saa kumi.

Julai bado haijafika. Vyovyote utakavyoamua, unaweza kumwomba mwalimu wa semina akupe dakika tano, si kumi, na wawili kati ya watu wako wa usiku wakae mstari wa mbele, uwatazame wao. Ukiweza, karatasi iache mezani, uone mikono itafanya nini bila kitu cha kushika. Kwa kaka yako, labda umsomee barua uliyoniandikia mimi badala ya kumjibu kuhusu Mirembe. Sidhani kama anajua kwamba unaamka saa tisa.

Fomu yenyewe si mkataba. Unaweza kwenda nayo ofisini kabla ya Ijumaa ikiwa tupu, na maswali yako yameandikwa nyuma yake, ukayauliza moja moja, ndipo uone kama unataka kuijaza. Niandikie baada ya Alhamisi ya kwanza ukienda, na usipokwenda niandikie vilevile, uniambie usingizi ukoje na kama umerudi kucheza winga.

Mama Mshauri